Bwana Samaki Anajibu: Maji Yatatokea Wapi?



Mwezi huu tumepata barua kutoka kwa mama mmoja wa mkoa wa Ruvuma. Barua yake ni fupi. Yeye na watoto wake walichimba bwawa la samaki bondeni, nyuma ya nyumba yao. Walichimba kwa jembe na beleshi muda wa miezi miwili. Wakapanda perege 200. Sasa imepita miaka miwili. Samaki wamekuwa wengi mno, lakini kila mmoja ni kama kidole. Watoto wanawaita dagaa. Baba wa nyumba amechoka kungoja. Anataka bwawa lifukiwe wapande maharage. Mama anauliza: nifukie au nisifukie?

Mama, usifukie. Ngoja tusome pamoja kwanza. Na wewe msomaji unayetaka kuchimba bwawa mwaka huu, soma kabla hujashika jembe. Kosa la mama huyu ni kosa la watu wengi. Hata mimi nililifanya.

KWA NINI HAWAKUI

Mama anasema bwawa lake lina urefu wa hatua kubwa 10, na upana wa hatua kubwa 10. Hatua kubwa moja ni kama mita 1. Kwa hiyo bwawa lina mita 100 za mraba. Alipanda samaki 200. Yaani samaki 2 katika kila mita ya mraba. Hesabu hiyo ni nzuri kabisa. Hapo hakukosea.

Basi shida ni nini? Perege ana tabia moja ambayo lazima uijue. Huzaa mapema, na huzaa mara kwa mara. Akifika miezi mitatu hivi, akiwa bado mdogo, huanza kuzaa. Dume huchimba kishimo cha duara chini ya bwawa. Jike hutaga mayai humo, kisha huyachukua mdomoni. Mayai huanguliwa ndani ya mdomo wa mama. Hata vifaranga wakianza kuogelea, wakiona hatari hurudi mdomoni. Siku zote hizo jike hali chakula sawasawa, kwa hiyo naye hakui. Baada ya wiki chache anataga tena.

Sasa fikiri hivi. Umepika ugali wa watu 6. Wakati wa kula wamekuja watu 60. Hutawafukuza. Kila mtu atapata tonge moja, na wote watalala na njaa. Ndivyo ilivyo bwawani. Pumba ulizokuwa ukiwapa samaki 200, sasa zinagombewa na maelfu. Samaki wa namna hiyo hafi. Anadumaa tu. Na akiwa amedumaa, bado anazaa.

Kwa hiyo, mama, hao unaowaona si watoto. Wengine wana umri wa miaka miwili na wana wajukuu humo humo bwawani. Ukiwangoja wakue utangoja bure.

Watu wengi wakifika hapa husema mbegu ni mbaya. Wanakwenda mbali kununua vifaranga wengine na kuwatia katika bwawa lile lile lililojaa. Wamepoteza fedha. Dawa ni kukausha bwawa, kuvuna wote, na kuanza upya kwa hesabu. Bwawa la perege likaushwe kila baada ya miezi 6 hivi. Mahali penye baridi, kama Njombe na Makete, samaki hukua polepole. Huko ngoja zaidi, hata miezi 9.

Lakini mama anasema hawezi kulikausha. Halina bomba la kutolea maji. Hapo ndipo penye kosa lenyewe.

BWAWA LANGU LA KWANZA

Nilipokuwa kijana nilichimba bwawa langu la kwanza nyumbani, karibu na chemchemi. Nilifurahi sana kwa sababu maji yalijaa yenyewe. Nilichimba mahali pa tambarare, likawa kama bakuli. Samaki walipodumaa nilitaka kulikausha. Tukakusanyika ndugu wanane na ndoo. Tukachota tangu asubuhi hadi jioni. Maji yakafika magotini. Tukaenda kulala. Asubuhi tukakuta maji yamerudi kiunoni. Chemchemi haikulala.

Mjomba wangu alikuwa amekaa juu ya tuta. Akaniuliza, "Mpwa wangu, ulipokuwa unachimba, maji haya ulitaka yatokee wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefikiria maji yatakavyoingia tu.

Kosa hili ni la zamani katika nchi yetu. Majaribio ya kufuga perege mabwawani yalianza mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Kufikia mwaka 1968 Tanzania ilikuwa na mabwawa kama 8,000. Mengi yalikuwa madogo sana, na yalitoa samaki kidogo kwa sababu hayakutunzwa vizuri. Kuchimba watu walichimba. Jasho halikukosekana.

KAMA BWAWA LIMEKWISHA CHIMBWA

Mama, bwawa lako liko bondeni na umesema chini ya tuta kuna mteremko. Hiyo ni bahati. Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani. Uzamishe mpira wote bwawani mpaka ujae maji na hewa itoke. Ncha moja ibaki chini ya maji, uifunge jiwe isielee. Ncha ya pili izibe kwa kiganja. Ivushe juu ya tuta, uishushe upande wa pili mpaka iwe chini kuliko usawa wa maji ya bwawa. Sasa ondoa kiganja. Maji yatapanda tuta yenyewe na kutoka. Watoto watafikiri ni mazingaombwe. Lakini ncha ya nje ikiwa juu kuliko maji ya bwawa, maji hayatatoka. Hewa ikiingia ndani ya mpira, maji yatakatika na utaanza tena. Ncha ya ndani ifunge kipande cha wavu, samaki wasivutwe.

Mpira mmoja mwembamba utachukua siku kadhaa. Azima miwili au mitatu, au tafuta mpira mnene. Kabla ya kuanza, zuia maji yanayoingia. Maji ya mwisho, yaliyobaki kwenye tope, mtayachota kwa ndoo.

Njia ya pili ni ya kudumu. Bwawa likiwa limekauka, kata tuta la upande wa chini, pale penye kina kirefu. Chimba mpaka ufikie usawa wa chini ya bwawa. Laza bomba la plastiki lenye unene wa inchi 4, likiinama kidogo kwenda nje. Kisha rudisha udongo wa mfinyanzi, kidogo kidogo. Kila unapoweka udongo wa unene wa kiganja, umwagie maji kidogo na uushindilie kwa mti mzito. Usiwe na haraka hapa. Udongo uliotupwa tu bila kushindiliwa utavuja kando ya bomba, na tuta litakatika usiku wa mvua.

Ndani ya bwawa, kwenye mdomo wa bomba, weka kiungo cha kona. Mafundi wanakiita elbo. Juu yake simamisha kipande kingine cha bomba, kirefu kufikia usawa unaotaka maji yasimame. Usikigandishe kwa gundi. Mvua ikinyesha sana, maji ya ziada yataingia kwa juu na kutoka yenyewe. Siku ya kuvuna unakilaza bomba hicho polepole, na bwawa linakauka. Mdomo wake ufunge wavu.

Zamani watu walitumia mianzi iliyotobolewa. Hufanya kazi, lakini huoza ndani ya tuta. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua bomba.

KAMA HUJACHIMBA BADO

Usichimbe kama bakuli. Tafuta mahali penye mteremko mdogo. Chora mstari: maji yanaingia juu, yanatoka chini. Simama pale unapotaka kuwa chini ya bwawa, utazame upande wa mteremko. Kama hakuna mahali pa chini zaidi pa kumwaga maji, hama hapo.

Kisha pima udongo. Chukua udongo wenye unyevu kiasi cha kujaza kiganja. Ufinyange uwe kama donge la ugali. Urushe juu mita 1 hivi, uudake. Ukivunjika, una mchanga mwingi. Usipovunjika, endelea na kipimo cha pili. Chimba shimo lenye kina cha kiuno. Asubuhi lijaze maji mpaka juu. Jioni utaona yamepungua, kwa sababu udongo mkavu umekunywa. Lijaze tena, ulifunike kwa majani, ukalale. Asubuhi ya pili kama maji mengi yamebaki, udongo huo utashika maji. Kama yamekwisha, shukuru kwamba umechimba shimo moja tu.

Usichimbe chini ya shamba linalopigwa dawa za wadudu. Mvua itateremsha sumu na samaki watakufa wote kwa siku moja. Usichimbe kwenye ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu zinazoweza kuuharibu. Kuhusu kibali cha kutumia maji ya mto, muulize Afisa Uvuvi au uanzie ofisi ya kijiji.

Upande wa juu maji yafike mapajani. Upande wa chini yafike kiunoni au mita 1 hivi. Sakafu ya bwawa iteremke kuelekea bomba. Ikiwa na mashimo, samaki watabaki humo siku ya kuvuna, nao watakuwa wazazi wa matatizo yako mapya. Tuta liwe pana juu, angalau mita 1, mtu apite na ndoo bila kuyumba. Lizidi usawa wa maji kwa sentimita 30. Kabla ya kujenga tuta, ondoa majani na mizizi yote chini yake. Juu ya tuta panda majani mafupi. Miti usipande, kwa sababu mizizi yake hufungua njia ya maji.

Mahali pa kuingizia maji weka chujio la wavu. Bila chujio, samaki wa kijitoni wataingia. Hasa kambale mkubwa. Huyo akiingia atakula vifaranga wako wote, kisha utamkuta peke yake, amenenepa.

CHAKULA NA MAJI YA KIJANI

Maji meupe kama ya kunywa si mazuri kwa perege. Yanapendeza kwa macho tu. Maji ya bwawa yawe ya kijani. Ukijani huo ni mimea midogo sana, na perege huila. Ili mimea hiyo iote, tia samadi. Kwenye kona ya bwawa simika fito kama zizi dogo. Jaza humo samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, pamoja na majani mabichi. Uwe unaigeuza kwa fito kila wiki.

Pima kwa mkono wako. Zamisha mkono ulionyooka, kiganja kikiwa chini. Kama kiganja kinapotea maji yakifika kwenye kiwiko, ni vizuri. Kama kinapotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, samadi imezidi. Kama maji yamepita kiwiko na bado unakiona, ongeza samadi.

Samadi ikizidi kuna hatari. Usiku ile mimea midogo hutumia hewa iliyomo majini. Alfajiri hewa inakuwa imekwisha. Utaona samaki wamekuja juu wote, wanahema midomo wazi. Usifikiri wana njaa. Usiwape chakula. Fungulia maji mapya haraka, na uache samadi kwa siku kadhaa.

Chakula ni pumba za mahindi au mpunga, mashudu, majani ya magimbi, ya viazi vitamu na ya kabichi, na kumbikumbi wakati wao. Walishe saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, mahali pale pale. Wape wanachoweza kumaliza kwa robo saa. Chakula kinachobaki huoza na kula hewa ya samaki. Na ukiwalisha mahali pamoja utawaona kila siku. Siku wasipokuja, utajua kuna jambo.

SIKU YA KUVUNA

Chagua mwezi ambao kijito chako kina maji ya kulijaza bwawa tena. Waambie wanunuzi mapema, maana samaki hawangoji. Anza kukausha alfajiri, kabla jua halijawa kali. Maji yanapopungua tayarisha ndoo na madebe yenye maji safi, uyaweke kivulini.

Mama, wewe utapata samaki wengi sana na wadogo. Usiwatupe. Wakaushe kama dagaa. Mtoto anayekula uji na ugali mtupu anahitaji sana samaki huyo mdogo, hata kama hana sifa sokoni. Wengine wauze kwa bei ndogo.

Kwa kuanza upya, usichukue wale waliodumaa. Nunua vifaranga wachanga 200 kwa mfugaji anayeaminika, au pata ushauri kwa Afisa Uvuvi wa wilaya. Siku hizi kuna wanaouza vifaranga madume tupu, ambao hukua haraka zaidi kuliko majike. Ni wazuri, lakini mara nyingine majike wachache huwamo. Hesabu yako ya miezi 6 usiiache.

Bwawa likikauka, liache juani wiki mbili, mpaka tope lipasuke. Jua litaua mayai, vifaranga waliojificha na wadudu. Tope jeusi la ziada liondoe, nawe nyunyizia majivu au chokaa ya kilimo. Tazama mashimo ya kaa na panya kwenye tuta. Yazibe kwa mfinyanzi, si kwa majani.

WATOTO NA KICHOCHO

Neno hili si refu lakini lisome mara mbili. Bwawa lenye maji ya kiunoni kwa mtu mzima, ni maji ya kichwani kwa mtoto wa miaka mitatu. Zungushia ua wa miiba au mianzi kabla ya kujaza maji. Weka mlango unaofungwa, na mlango ufungwe hata kama unatoka kwa muda mfupi.

Fyeka majani yanayoingia majini pembeni. Humo ndimo konokono wa kichocho na mbu wanapokaa. Mtu asikojoe bwawani, na choo kiwe mbali. Watoto wasiogelee humo. Mtu aliyeingia kuvuna ajikaushe vizuri, na akiona damu kwenye mkojo aende zahanati. Maji ya bwawa si ya kunywa.

KUHUSU MAHARAGE

Sasa narudi kwa baba wa nyumba, maana naye ana hoja. Miaka miwili ni mingi kwa ardhi isiyotoa kitu.

Mama, mwambie baba hivi. Maharage yapandwe chini ya tuta, pale bomba litakapomwaga. Tope jeusi mtakalotoa bwawani ni mbolea nzuri. Mlibebe, mlimwage hapo, mlime pamoja na udongo. Maji ya bwawa yana samadi ndani yake, nayo yatafaa kumwagilia wakati wa kiangazi. Kijishamba hicho kikiwa cha hatua 10 kwa 10, kitalingana na bwawa lenyewe. Baba apate maharage yake, na bwawa libaki.

Halafu siku ya kupanda vifaranga, andikeni tarehe kwa mkaa au chaki nyuma ya mlango. Hesabuni miezi 6, muandike na tarehe ya kukausha. Tuandikie barua ikifika siku hiyo. Tutapenda kujua samaki wana ukubwa gani.